Thomas Hunt Morgan: Aliyepinga kromosomu, kisha akaanzisha ramani ya jeni

Mwaka 1910, Profesa Thomas Hunt Morgan wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alichapisha makala mbili ambazo hazikupatana. Ya kwanza, iliyokuwa ndefu, iliwatilia shaka wanasayansi waliodai kuwa sifa za urithi hubebwa na kromosomu, vile vijiuzi vinavyoonekana kwa darubini ndani ya seli. Ya pili ilikuwa fupi, na ilieleza habari za nzi dume mmoja aliyezaliwa na macho meupe.

Ile ndefu imebaki kwenye makabati ya maktaba. Ile fupi ndiyo iliyofungua njia ya ramani ya jeni, ramani ambayo leo madaktari huitumia kutafuta chanzo cha magonjwa ya kurithi. Miongoni mwa magonjwa hayo ni selimundu, au siko seli, ambao umezihuzunisha familia nyingi kuanzia mwambao wa Bahari ya Hindi hadi kandokando ya Ziwa Victoria.

Morgan hakuwa sahihi tangu mwanzo. Alikosea hadharani, kwa maandishi, akiwa profesa mwenye jina. Ushahidi ulipomgeukia, aliufuata.

Mtoto wa Kentucky

Morgan alizaliwa Septemba 25, 1866 mjini Lexington, katika jimbo la Kentucky, Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimemalizika mwaka uliotangulia, na ukoo wake ulikuwa upande ulioshindwa. Baba yake mkubwa, Jenerali John Hunt Morgan, alikuwa kamanda mashuhuri wa wapanda farasi wa majimbo ya Kusini na aliuawa vitani mwaka 1864. Kwa upande wa mama, kijana huyo alikuwa kitukuu cha Francis Scott Key, aliyetunga maneno ya wimbo wa taifa wa Marekani.

Mwaka huohuo wa 1866, mtawa Gregor Mendel alichapisha utafiti wake kuhusu urithi wa sifa katika njegere, katika mji wa Brünn ulioko Ulaya ya Kati. Karibu hakuna aliyeujali. Ungekaa miaka zaidi ya 30 kabla ya kufufuliwa mwaka 1900, na Morgan angekuwa mmoja wa waliousoma kwa mashaka.

Utotoni alipenda kuzunguka mashambani akikusanya mayai ya ndege na mawe yenye alama za viumbe wa kale. Alihitimu katika chuo cha serikali cha Kentucky mwaka 1886, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, alikopata shahada ya uzamivu mwaka 1890. Mwaka uliofuata aliajiriwa kufundisha katika Chuo cha Bryn Mawr, chuo cha wanawake kilicho karibu na Philadelphia.

Wakati huo hakushughulikia urithi. Alichunguza jinsi yai la chura linavyokua, na jinsi minyoo na wanyama wa majini wanavyootesha upya viungo vilivyokatwa. Katika miaka ya 1894 na 1895 alifanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa viumbe wa baharini mjini Naples, Italia. Huko aliimarika katika imani moja iliyomwongoza maisha yake yote: nadharia isiyoweza kujaribiwa haina kazi maabarani.

Mwanafunzi aliyemtangulia mwalimu

Miongoni mwa wanawake waliofika Bryn Mawr alikuwa Nettie Stevens, aliyekuwa amefanya kazi ya ualimu kwa miaka mingi kabla ya kupata nafasi ya kusoma sayansi. Mwaka 1905 Stevens alichapisha uchunguzi wa wadudu wanaokula unga. Aligundua kuwa seli za dume zina kromosomu moja ndogo kuliko mwenzake, na kuwa mbegu ya dume ndiyo inayoamua kama mtoto atakuwa jike au dume. Edmund Wilson wa Columbia alifikia matokeo yanayofanana mwaka huohuo.

Morgan, aliyekuwa amemfundisha Stevens, hakushawishika upesi. Aliona ni jambo la ajabu kwamba kijiuzi kimoja kinaweza kuamua jambo kubwa kama jinsia. Stevens alifariki mwaka 1912 kwa saratani ya matiti, akiwa na umri wa miaka 50. Wakati huo nzi wa Morgan walikuwa tayari wamethibitisha kwamba mwanafunzi huyo alikuwa ameona jambo ambalo mwalimu wake alichelewa kuliona.

Morgan mwenyewe alihamia Columbia mwaka 1904, kwa mwaliko wa Wilson. Mwaka huohuo alimwoa Lilian Sampson, aliyekuwa mwanafunzi wake Bryn Mawr na mtafiti kwa haki yake. Bi Lilian aliacha maabara kwa miaka mingi ili kulea watoto wao wanne. Aliporudi alitoa ugunduzi wake mwenyewe kuhusu kromosomu za nzi, bila kutegemea jina la mumewe.

Chumba cha nzi

Chumba namba 613 katika jengo la Schermerhorn hakikuwa kikubwa: upana wa mita tano hivi na urefu wa mita saba. Kilijaa meza nane, chupa za maziwa na harufu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi. Ndani ya chupa hizo waliishi maelfu ya nzi wadogo wa matunda, wale wanaozunguka maembe na ndizi jikoni.

Morgan alianza kuwafuga mwaka 1908 hivi. Nzi hao walikuwa na faida kadhaa kwa profesa asiyependa kutumia fedha za chuo. Walikula kidogo, walizaana kila baada ya siku kumi hadi kumi na mbili, jike mmoja alitaga mamia ya mayai, na seli zao zilikuwa na jozi nne tu za kromosomu. Alitafuta nzi mwenye sifa mpya kabisa ili aone sifa hiyo inavyorithiwa. Karibu miaka miwili ilipita bila mafanikio, naye akaanza kulalamika kwamba muda wake umepotea bure.

Mwaka 1910 akapatikana dume mwenye macho meupe miongoni mwa nzi wenye macho mekundu. Katika familia ya Morgan ilisimuliwa kwamba usiku alimbeba nzi huyo hadi nyumbani ndani ya chupa na kumweka karibu na kitanda, asije akafa kabla ya kuacha uzao.

Alimchanganya na majike wenye macho mekundu. Karibu watoto wote, zaidi ya 1,200, walikuwa na macho mekundu. Alipowachanganya watoto hao wao kwa wao, macho meupe yalirudi katika kizazi cha wajukuu. Hesabu yake ilikuwa hivi: majike 2,459 wenye macho mekundu, madume 1,011 wenye macho mekundu, na madume 782 wenye macho meupe. Majike wenye macho meupe hawakuwapo hata mmoja.

Hesabu hiyo ndiyo iliyombana Morgan. Macho meupe yalikuwa yakifuatana na jinsia. Jike ana kromosomu mbili za aina ya X, moja kutoka kwa kila mzazi. Dume ana X moja tu, aliyoipata kwa mama yake. Kama sifa ya macho meupe imo ndani ya X, dume akiipokea hana X nyingine ya kuificha, lakini jike huokolewa na X ya pili. Morgan alijaribu kutafuta maelezo mengine na hakupata yaliyotosheleza hesabu. Mtu aliyetilia shaka kromosomu alikuwa ameonyesha jeni moja inakokaa.

Wilson, jirani yake katika idara hiyohiyo, alilichukua wazo hilo hadi kwa binadamu. Mwaka 1911 alieleza kwamba upofu wa rangi, unaowapata wanaume zaidi na kupitia kwa mama, hurithiwa kwa njia ileile. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa jeni ya binadamu kuhusishwa na kromosomu fulani.

Usiku wa ramani ya kwanza

Mafanikio hayo hayakuwa ya mtu mmoja. Alfred Sturtevant, kijana aliyelelewa shambani Alabama, alikuwa amemwandikia Morgan makala kuhusu urithi wa rangi za farasi wa baba yake. Morgan alimsaidia kuichapisha na kumpa meza katika chumba cha nzi, ingawa Sturtevant mwenyewe alikuwa na upofu wa rangi. Calvin Bridges aliajiriwa kuosha chupa. Siku moja, kupitia kioo kinene cha chupa chafu, aliona nzi mwenye macho ya rangi tofauti na wenzake. Naye akapewa meza. Baadaye alijiunga nao Hermann Muller.

Kufikia mwaka 1911 walijua sifa kadhaa zilizokaa kwenye kromosomu X. Walijua pia kwamba sifa hizo hazirithiwi pamoja kila mara. Morgan alipata maelezo katika kazi ya padri Mbelgiji, Frans Janssens, aliyeona kwamba wakati wa kutengeneza mayai na mbegu, kromosomu mbili za jozi husokotana na huenda zikabadilishana vipande.

Hali hiyo inafanana na ushanga uliotungwa kwenye uzi. Uzi ukikatika mahali popote, shanga mbili zilizo jirani huenda zikabaki upande mmoja. Zile zilizo mbalimbali hutengana kirahisi.

Mwishoni mwa mwaka huo, Sturtevant, mwanafunzi wa shahada ya kwanza ambaye hakuwa ametimiza miaka 20 au ndiyo kwanza alikuwa akiitimiza, alikuwa akizungumza na Morgan juu ya jambo hilo. Ghafla akatambua kwamba idadi ya mara ambazo jeni mbili hutengana inaweza kutumika kama kipimo cha umbali baina yao. Alichukua takwimu za chumba cha nzi, akaenda nazo nyumbani, akaweka kando kazi zake za darasani na kukesha. Kulipopambazuka alikuwa na mstari mmoja wenye jeni zilizopangwa kwa mfuatano na umbali. Hiyo ndiyo ramani ya kwanza ya jeni duniani.

Ilichapishwa mwaka 1913 kwa jina la Sturtevant peke yake. Profesa hakujiweka mbele, ingawa wazo lilizaliwa katika mazungumzo yao na takwimu zilitoka katika maabara yake. Wanasayansi baadaye walilipa jina la Morgan kipimo chenyewe. Mpaka sasa umbali kwenye ramani za urithi, za nzi na za binadamu, hupimwa kwa sentimogani.

Si kila mtu aliridhika. Muller, ambaye alikuwa hodari wa nadharia, aliamini kwamba mawazo ya vijana yalimezwa na jina la bosi, na uhusiano wao ulipoa. Muller alikwenda kufanya kazi kwingine na mwaka 1946 akapata Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha kuwa eksirei hubadili jeni. Hata hivyo kitabu cha mwaka 1915 kilichoeleza elimu mpya ya urithi kilibeba majina ya wote wanne: Morgan, Sturtevant, Muller na Bridges.

Tuzo na tahadhari

Umaarufu ulimfuata Morgan bila yeye kuukimbilia. Mwaka 1928 alihamia California kuanzisha idara ya biolojia katika taasisi ya teknolojia ya Caltech, na akawachukua Sturtevant na Bridges. Mwaka 1933 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba. Hakuhudhuria sherehe za Desemba. Alipofika Stockholm, Juni 1934, alitoa mhadhara uliowashangaza waliotarajia majigambo.

Aliwaeleza madaktari kwamba faida kubwa ya elimu ya urithi kwao, kwa wakati ule, ilikuwa kusafisha mawazo. Urithi wa binadamu ulikuwa umezungukwa na hekaya na ushirikina, na kuuelewa kisayansi tu kulikuwa hatua kubwa. Aliona siku ambapo daktari ataweza kuishauri familia yenye ugonjwa wa kurithi. Lakini alikumbusha kwamba binadamu si nzi: familia zake ni ndogo, kizazi chake ni kirefu, na hali ya maisha humwathiri pamoja na jeni zake.

Tahadhari hiyo ilikuwa na uzito wakati ule. Marekani na Ulaya zilikuwa na vuguvugu la watu waliotaka kutumia elimu ya urithi kuamua nani azae na nani asizae. Morgan alianza kujitenga nao mwaka 1915, na katika maandishi yake ya miaka ya 1920 alipinga tabia ya kuuita umaskini au tofauti za mataifa kuwa ni jeni, wakati malezi na mazingira hayajachunguzwa. Mtu aliyejua zaidi kuliko wote jinsi ramani ya jeni inavyochorwa alikuwa pia mwepesi wa kusema isichoonyesha.

Fedha za tuzo alizigawa. Aliwapa watoto wake sehemu, na sehemu nyingine akawapa watoto wa Sturtevant na wa Bridges kwa ajili ya masomo. Alifariki Pasadena, California, Desemba 4, 1945, akiwa na umri wa miaka 79.

Kutoka kwa nzi hadi hospitalini

Kuichora ramani ya binadamu kulichukua muda mrefu kama Morgan alivyotazamia. Mwaka 1937 Julia Bell na J. B. S. Haldane, jijini London, walipima kwa mara ya kwanza ukaribu wa jeni mbili za binadamu: ya upofu wa rangi na ya himofilia, ugonjwa wa damu kutoganda. Walitumia hesabu ya chumba cha nzi, wakifuatilia familia badala ya chupa.

Kasi iliongezeka baada ya mwaka 1980, pale wanasayansi walipopendekeza kutumia tofauti ndogo zilizomo katika vinasaba vya kila mtu kama alama za barabarani. Mwaka 1983, kwa msaada wa familia kubwa za kandokando ya Ziwa Maracaibo, Venezuela, jeni ya ugonjwa wa Huntington, unaoharibu ubongo, iligunduliwa kuwa kwenye kromosomu namba 4. Mwaka 1990 Mary-Claire King alionyesha kuwa saratani ya matiti katika baadhi ya familia inahusiana na sehemu ya kromosomu namba 17. Leo mwanamke wa familia kama hiyo anaweza kupimwa na kufuatiliwa mapema. Mradi mkubwa wa kimataifa wa kusoma vinasaba vyote vya binadamu ulitangazwa kukamilika mwaka 2003.

Kwa Afrika Mashariki, ugonjwa unaoonyesha vizuri safari hiyo ni selimundu. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi aliokusanya katika eneo hili kwamba mtu mwenye nakala moja ya jeni ya selimundu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Hii ndiyo sababu jeni hiyo ni ya kawaida pwani na kandokando ya Ziwa Victoria kwenye mbu wengi, na ni adimu nyanda za juu. Mtoto anayerithi nakala mbili ndiye anayeugua. Wazazi wawili wenye nakala mojamoja wana uwezekano wa moja kwa nne, katika kila mimba, wa kupata mtoto mgonjwa. Huo ndio ushauri wa kifamilia aliouzungumzia Morgan mwaka 1934.

Kisha ramani ilitoa jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Ilijulikana kuwa baadhi ya wagonjwa huumwa kidogo kwa sababu miili yao huendelea kutengeneza himoglobini ya utotoni, ile ambayo kwa kawaida huzimwa baada ya kuzaliwa. Mwaka 2007 na 2008 watafiti walilinganisha vinasaba vya watu wengi na kugundua kwamba swichi mojawapo ya kuizima iko mbali kabisa na jeni ya ugonjwa wenyewe. Jeni ya selimundu iko kwenye kromosomu namba 11. Swichi hiyo, iitwayo BCL11A, iko kwenye namba 2. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayochukua seli za uboho za mgonjwa, kuidhoofisha swichi hiyo na kumrudishia.

Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Kwa wazazi wanaopanga foleni kliniki Mwanza, Kisumu au Jinja, tiba hiyo bado iko mbali. Kilicho karibu ni kipimo cha mtoto mchanga, dawa za kuzuia maambukizi, na haidroksiurea, dawa ya vidonge ambayo nayo huiinua himoglobini ileile ya utotoni.

Ramani iliyoanza kwa nzi mwenye macho meupe imeonyesha ugonjwa ulipo na mahali pa kuushika. Ilichukua zaidi ya miaka 100 kufika hapo, kupitia mikono ya mwoshaji wa chupa, mwanafunzi asiyeona rangi vizuri, mwanamke aliyetangulia kuona na hakuishi kupongezwa, na profesa aliyekubali kwamba nzi 782 walikuwa na hoja nzito kuliko yake. Sehemu iliyobaki, ya kuifikisha tiba kwa wagonjwa walio wengi zaidi duniani, haiwezi kupimwa kwa sentimogani.